Mnunuzi wa Nyumba Yangu ya Nyegezi Alipojitoa, Arbuni Ilikuwa ya Nani?

Nyumba yangu ya Nyegezi, jijini Mwanza, niliiuza mara mbili. Mara ya kwanza mnunuzi alijitoa baada ya kutia saini na kulipa arbuni, na mara ya pili mauziano yalikamilika. Kati ya mara hizo mbili ilipita miezi mitano ambamo watu wa kila namna, kuanzia dalali hadi mashemeji zangu, walinishauri kuhusu haki za muuzaji, na karibu kila ushauri niliopewa ulikuwa na kasoro. Naandika haya kwa sababu majirani wanaotaka kuuza nyumba zao wamekuwa wakiniuliza swali lile lile lililoninyima usingizi wakati ule, kwamba mnunuzi akijitoa, fedha aliyokwisha kulipa inabaki kwa nani.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi milioni 85. Mnunuzi, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, alilipa milioni 15 siku ya kutia saini na kuahidi kumaliza milioni 70 ndani ya siku 60. Tulisaini katika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili kwa kila upande, mkataba wa kurasa mbili uliochapwa na kijana wa steshenari kutoka katika mfano aliokuwa nao kwenye kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho dalali alinisomea kwa sauti ya furaha: endapo mnunuzi atashindwa kumaliza malipo, fedha zote alizokwisha kulipa zitakuwa mali ya muuzaji. Kulikuwa pia na sharti la mnunuzi kwamba wapangaji wangu wawili wa nyumba ya uani, waliokuwa wakilipa 100,000 kila mmoja kwa mwezi, wawe wameondoka kabla ya siku ya mwisho ya malipo. Niliwaondoa. Kisha, katika fedha ile ya arbuni, nikapeleka milioni 10 Kisesa kushika nyumba nyingine ambayo haijaisha, na milioni 2 nikampa dalali.

Siku 60 zilipotimia mnunuzi aliomba muda. Alisema mwezi umeng'aa, wavuvi wamelaza mitumbwi, na biashara ya dagaa imesimama. Mtu yeyote wa ziwani anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo sababu ile ilikuwa na uzito, nami nikamwambia kwa simu kwamba asubiri mwezi upungue. Giza lilikuja, likapita, na mwezi mwingine ukang'aa. Ndipo nikapokea ujumbe mfupi: «Mwalimu, nisamehe, nimepata nyumba Buswelu karibu na ndugu zangu. Naomba unirudishie ile 15 yangu.»

Dalali aliniambia nisimjibu, kwa kuwa mkataba umesema na fedha ni yangu. Shemeji yangu alitaka twende polisi. Wa tatu, mzee mmoja ninayemheshimu sana, alisema fedha ya mtu ambaye hakupewa kitu ni haramu, nirudishe yote. Nilipofika kwa wakili katikati ya jiji, alisikiliza ushauri wote huo kwa utulivu, kisha akauliza kama mkataba wetu ulilipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwenye hati. Haukulipiwa. Akanieleza kwamba hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na kwamba wauzaji wengi hugundua jambo hilo wakiwa tayari wamesimama mbele ya mwenyekiti wa baraza la ardhi. Kasoro yetu ilirekebishika, lakini nilitoka pale nikijua kwamba haki yangu ilikuwa imelala ndani ya karatasi ambayo mimi mwenyewe sikuijali.

Nilikuwa na bahati kwamba karatasi yenyewe ilikuwepo. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, au angalau pawepo na maandishi yanayoonyesha masharti yake, yakiwa na saini ya yule anayedaiwa. Mtu anayesema tulikubaliana kwa mdomo mbele ya wazee, halafu anataka kumbana mnunuzi aliyejitoa, anaanza safari akiwa na mguu mmoja.

Sasa kuhusu arbuni. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinashughulikia mikataba iliyotaja mapema kiasi kitakacholipwa au adhabu itakayotolewa iwapo upande mmoja utavunja. Kinasema kwamba aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maneno hayo yanaonekana madogo, lakini wakili alinifanya niyasome mara tatu. Kiasi kilichotajwa ni dari. Hakigeuki kuwa mali yako kwa sababu tu kimeandikwa. Kifungu changu cha «fedha zote zitakuwa mali ya muuzaji» kilimaanisha kwamba siwezi kudai zaidi ya milioni 15 kwa kujificha nyuma yake, na kwamba nikitaka kubaki na zote, lazima nijiandae kueleza kwa nini zote ni fidia ya haki. Aliongeza jambo ambalo kijana wa steshenari hangeweza kulijua: ipo tofauti kati ya arbuni inayotolewa kuwa rehani ya uaminifu wa mnunuzi, ambayo kwa desturi huwa sehemu ndogo ya bei na hupotea akigeuka, na malipo ya sehemu ya bei, ambayo hayakukusudiwa kupotea. Mkataba wetu uliita fedha ile «malipo ya awali» ukurasa wa kwanza na «arbuni» ukurasa wa pili. Neno moja lingeninusuru au kunimaliza, na sisi tuliandika yote mawili.

Kipimo cha hasara kipo katika kifungu cha 73. Kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokea kwa mkondo wa kawaida wa mambo kutokana na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua wakati wa kufunga mkataba kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali hailipwi. Kanuni hii tuliirithi kwa njia ya sheria ya India ya mwaka 1872, nayo chimbuko lake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1854 ambayo nimeipenda, pengine kwa sababu hapa kwetu kila mtaa una mashine ya kusaga. Wenye kinu mjini Gloucester walivunjikiwa mhimili wa mtambo wao, wakampa msafirishaji aupeleke Greenwich ili utengenezwe mwingine kwa mfano wake. Msafirishaji akachelewa, kinu kikakaa kimya siku kadhaa zaidi, nao wakadai faida waliyoikosa. Mahakama iliikataa faida hiyo, kwa kuwa msafirishaji hakuelezwa mambo ambayo yangemfanya ajue kwamba bila mhimili ule kinu kizima kingesimama. Wenye kinu wengi wangekuwa na mhimili wa akiba.

Mhimili wangu mimi ulikuwa nyumba ya Kisesa. Mwenye nyumba ile, nilipochelewa kumalizia, alinirudishia milioni 6 na kubaki na milioni 4. Je, mnunuzi wangu alijua? Wakili aliniomba simu yangu, akatafuta mazungumzo yetu ya WhatsApp ya kabla ya kusaini, na akaupata ujumbe niliokuwa nimeusahau kabisa, nikimwambia mnunuzi kwamba fedha yake naipeleka moja kwa moja Kisesa na asinicheleweshe maana kule nitapoteza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kuwa ushahidi. Kwa hiyo milioni 4 zile, ambazo zingehesabika kuwa hasara ya mbali, zikasogea karibu. Uchungu, aibu mbele ya majirani, na usingizi nilioukosa havikuingia katika hesabu, ingawa ndivyo nilivyovizungumzia zaidi.

Kabla ya hesabu yoyote, ilibidi mkataba ufe kwa utaratibu. Hapa ndipo wema wangu wa kungoja mwezi upungue uliponigharimu. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba kama pande zilikusudia muda uwe nguzo ya mkataba, aliyeahidi akishindwa kutimiza kwa wakati, mwenzake anaweza kuutangua. Kama hazikukusudia hivyo, anabaki na haki ya fidia tu. Siku 60 zilikuwa zimeandikwa, lakini mimi kwa kinywa changu nilikuwa nimezilegeza. Kifungu cha 39 nacho kinampa mtu haki ya kuumaliza mkataba pale mwenzake anapokataa kabisa kutimiza ahadi yake, isipokuwa kama kwa maneno au matendo ameonyesha kukubali uendelee. Wakili alisema kwamba kama mnunuzi angenitumia hata milioni 1 wiki ile, nami nikaipokea kimya, ningekuwa nimejifunga tena. Aliandika notisi inayompa mnunuzi siku 14 za mwisho kulipa milioni 70, ikieleza kwamba nyumba iko tupu, hati ipo, mke wangu ameridhia kwa maandishi, na mimi niko tayari kutia saini fomu za uhamisho siku yoyote ndani ya muda huo. Maelezo hayo ya utayari hayakuwa mapambo. Mtu anayemlaumu mwenzake kwa kutotimiza lazima aonekane kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kutimiza upande wake. Siku 14 zilipopita, ilikwenda barua ya pili, fupi, ya kuutangua mkataba. Zote mbili zilipelekwa kwa mkono na kusainiwa kwenye kitabu.

Ningeuza kwa mtu mwingine kabla ya barua hizo, mimi ndiye ningeonekana mvunjaji. Hata baada yake mnunuzi alitishia kuweka zuio kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, jambo ambalo lingezuia uhamisho wowote mpaka mvutano uishe, na tishio hilo tu lilitosha kumkimbiza mtu mmoja aliyekuja kuangalia nyumba.

Mtu mwingine hakukimbia. Yapata miezi miwili baada ya mnunuzi kujitoa, alikuja mama mmoja wa Mkolani akatoa milioni 82, taslimu, akiwa amezisoma barua zote na kuridhika. Nilimkataa. Nilikuwa nimeshika kichwani mwangu ile 85, na nilijiambia kwamba tofauti atailipa aliyenisababishia. Nyumba nikaja kuiuza katika mwezi wa tano tangu mnunuzi wa kwanza ajitoe, kwa milioni 79. Ukaidi ule nauandika hapa kwa sababu ndio ulionifundisha sehemu ya sheria ambayo sikuamini nilipoisoma. Maelezo yaliyo chini ya kifungu cha 73 yanataka, katika kukadiria hasara, izingatiwe pia njia aliyokuwa nayo aliyevunjiwa mkataba ya kupunguza madhara. Mnunuzi naye alikuwa na wakili, na wakili huyo alimjua mama wa Mkolani. Tofauti yangu ya milioni 6 ikawa milioni 3 mezani. Kodi ya wapangaji niliyoikosa kwa miezi mitano, ambayo niliiandika kuwa milioni 1, ikahesabiwa kwa miezi miwili tu, 400,000, kwa kuwa baada ya hapo nyumba ilikaa tupu kwa hiari yangu. Nilikasirika, lakini sikuwa na jibu, wala wakili wangu hakuwa nalo.

Kuhusu polisi, shemeji yangu hakuelewa hadi leo kwa nini hatukwenda. Mnunuzi kubadili mawazo ni jambo la madai. Jinai huanza pale penye udanganyifu, kwa mfano hati ya benki ya kughushi au mtu kujifanya mwingine, na huyu wangu hakudanganya mtu. Alipata nyumba iliyompendeza zaidi.

Njia ya sheria kwa mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka upatikane uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila baraza la kata kuusuluhisha. Baraza la Wilaya lina mipaka ya thamani, shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa mali isiyohamishika na milioni 200 kwa mengine, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Je, dai linalohusu fidia ya fedha peke yake ni mgogoro wa ardhi au ni dai la kawaida la mkataba? Hilo wanasheria wenyewe hubishana, na kukosea mlango kunaweza kukurudisha mwanzo, kwa hiyo ni swali la kumuuliza wakili kabla ya kulipa ada yoyote. Muda wa kudai kutokana na mkataba ni miaka 6. Mahakama inaweza pia kumwamuru mnunuzi atekeleze mkataba, yaani alipe na achukue nyumba, lakini amri hiyo hutolewa kwa busara ya mahakama, na kwa mtu ambaye fedha yake imekwenda Buswelu ingekuwa ushindi wa kutundika ukutani.

Yote haya yanamhusu mnunuzi aliyejitoa bila sababu. Jirani yetu wa zamani aliyekuwa na nyumba Luchelele, hatua chache kutoka majini, alidhani yuko katika hali yangu na akaja kuazima barua zangu. Mnunuzi wake alileta mpima, ikaonekana kwamba sebule na nusu ya uzio viko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu. Mkataba ulikuwa umesema kiwanja hakina tatizo lolote la kisheria. Hapo aliyejitoa ndiye mwenye haki, na arbuni ilirudi yote. Ndivyo ilivyo pia kwa muuzaji aliyeficha rehani ya benki, au mume aliyeuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, ridhaa ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaidai katika kifungu cha 59. Barua zangu nilimpa azisome, kisha nikamwomba asizitumie.

Na kama mnunuzi amekwisha kuhamia, mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Ardhi inamruhusu muuzaji kuichukua tena nyumba kwa amani, yaani mnunuzi akitoka bila mapambano, au kwa amri ya mahakama. Kung'oa mlango au kukata maji ya mtu ambaye hajamaliza deni kunaweza kukugeuza mdaiwa kabla ya jioni.

Tulimaliza shauri letu bila kufika barazani, katika ofisi ya wakili wangu, chai ikiwa mezani. Hesabu ilikuwa milioni 3 za tofauti ya bei, milioni 4 za Kisesa, na 400,000 za kodi: jumla 7,400,000. Katika milioni 15 nikabaki na hizo na kurudisha 7,600,000, ambazo nilizitoa katika fedha ya mauziano ya pili, maana ile ya kwanza nilikuwa nimeila siku nyingi. Sheria ya Mikataba yenyewe, katika kifungu chake cha 64, inamtaka anayeutangua mkataba arudishe manufaa aliyopata kwa mwenzake. Milioni 2 za dalali hazikuingia popote. Nilizilipa kabla kazi yake haijaisha na bila maandishi, naye alikataa kuzirudisha, ingawa alikubali kumleta mnunuzi wa pili bila kudai nyingine.

Mkataba wa pili uliandikwa na wakili, kurasa tano. Uliita arbuni arbuni, ukaitenga na malipo mengine, ukaweka kiasi chake kuwa milioni 5, ukasema muda ni nguzo ya mkataba na kwamba nyongeza yoyote itakuwa ya maandishi, na ukataja kwa jina lake hasara nitakayoipata mnunuzi akijitoa. Mnunuzi wa kwanza alisaini hati ya makubaliano kwamba hadai wala hadaiwi, akahesabu risiti yake ya benki mara mbili, akaniuliza kama wapangaji wangu wa uani walipata pa kukaa. Nilimwambia mmoja amehamia Mkuyuni na mwingine sijui alipo.